Heka Heka za Kununua Nguo za Sikukuu

Kina mama wenzetu, ni nani kati yetu asiyeijua wiki ile ya mwisho kabla ya Krismasi? Baba wa nyumba amekwisha kutoa fedha, au ameahidi kuzitoa kesho. Watoto wamefunga shule na kila asubuhi wanauliza nguo zao ziko wapi. Jirani amekwisha kuwanunulia wa kwake, nao kwa kuwa watoto hawana siri, wamezunguka mtaa mzima wakizisimulia. Basi mama anatundika mkoba begani, anamshika mtoto mkono na kuelekea sokoni siku ileile ambayo mji mzima nao umeamua kwenda.

Nasi tulikwenda. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 23 Desemba 2023, na soko lilikuwa Kariakoo, Dar es Salaam. Tulikuwa kina mama watatu wa mtaa mmoja na kwaya moja, wawili kati yetu wauguzi, na tulikuwa na mtoto mmoja wa kiume wa miaka minne. Hatutasema ni mtoto wa nani kati yetu. Tulikubaliana hivyo tulipoamua kuandika habari hii, na msomaji atakapofika mbele ataelewa sababu.

Tuliteremka kwenye basi la mwendokasi pale Gerezani saa nne asubuhi, jua limekwisha kuwa kali. Siku za kawaida kutoka pale hadi Mtaa wa Kongo ni mwendo wa dakika chache tu, lakini siku ile ulituchukua karibu nusu saa. Jina la Kariakoo lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na tuliona kwamba jina hilo halijapoteza maana yake, kwa kuwa hapakuwa na mtu asiyebeba. Meza za nguo zilikuwa zimeingia barabarani kutoka pande zote mbili na kuacha katikati kijia cha kupita watu wawili. Katika kijia hicho walipita wanaokwenda na wanaorudi, mikokoteni, pikipiki, na vijana wenye marobota kichwani wakipiga kelele, "Pisha mzigo, mama, pisha!" Mama akitaka kupisha, hana pa kupishia.

Zaidi ya hayo kulikuwa na spika. Karibu kila meza ilikuwa na spika yake ndogo, iliyorekodiwa maneno machache yanayojirudia tangu asubuhi: elfu tano, elfu tano, chagua, elfu tano. Ukisimama kati ya meza mbili, sikio hili linaambiwa elfu tano na lile linaambiwa elfu tatu, na kichwa kinaanza kuuma kabla hujanunua hata soksi. Mmoja wetu alisema kama angekuwa na madaraka angezipiga marufuku spika zote za Kariakoo, na sisi wengine tulimwunga mkono.

Bei ya sikukuu

Wengi wetu huamini kwamba wakati wa sikukuu ndipo vitu vinapokuwa rahisi. Hebu tueleze tuliyoyaona. Gauni la mtoto wa miaka sita, ambalo mwezi Oktoba tulipoliulizia tuliambiwa shilingi 15,000, siku ile lilikuwa 25,000. Tulipojaribu kupunguziwa, muuzaji hakutaka hata kubishana. "Dada, kama hulitaki liache, nyuma yako kuna mwingine." Na kweli nyuma yetu alikuwapo mwingine, tena alikuwa amekwisha kulishika pindo.

Tuliingia pia katika duka moja kubwa lililotundika bango jekundu la punguzo la sikukuu. Ndani palikuwa na foleni mbili, moja ya kulipia na nyingine ya kukaguliwa mizigo mlangoni, nazo zilikuwa zimekutana katikati hivi kwamba hakuna aliyejua yuko katika foleni ipi. Shati la kiume lilikuwa na bei mbili kwenye kibandiko, shilingi 45,000 imekatwa mstari na chini yake 30,000. Tulifurahi, maana shilingi 15,000 ni fedha. Ndipo mwenzetu, ambaye ana tabia ya kupiga picha kila kitu anachokipenda, akatoa simu na kutuonyesha shati lilelile katika duka lilelile mwezi Oktoba. Lilikuwa 28,000.

Hatusemi kwamba kila punguzo ni uongo. Mwenye duka aliyebakiwa na saizi ambazo hazitoki hupunguza bei kweli ili apate nafasi, na mama mwenye bahati ya mtoto wa saizi hiyo atanufaika. Tena nchi yetu inayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mnunuzi, na ipo Tume ya Ushindani inayoisimamia. Lakini ni mama gani atakayeacha foleni tarehe 23 Desemba akapeleke malalamiko? Wenye maduka wanalijua hilo vizuri.

Kilichotushangaza zaidi ni sisi wenyewe. Tukiona watu wamezunguka meza, tunaamini kwamba hapo pana kitu. Tunajipenyeza, tunanyoosha mkono juu ya mabega ya wenzetu, tunashika kilichopo, na kwa kuwa tumekipata kwa taabu tunaona aibu kukirudisha. Orodha tuliyoandika nyumbani ilikuwa na vitu tisa. Ilipofika saa sita tulikuwa na vitu kumi na vinne, na kati ya vile tisa tulikuwa na vinne tu. Hakuna hata mmoja wetu anayekumbuka kwa nini tulinunua maua ya plastiki.

Viatu vya mtoto tulivinunua hivyo hivyo. Hapakuwa na mahali pa kumkalisha ajaribu. Alisimama kwa mguu mmoja, akasukumwa, akaanza kulia, na muuzaji alikuwa akitutazama kwa jicho la kutuharakisha. Basi tukakilinganisha kiatu kipya na soli ya kile alichovaa, tukasema kitamtosha, tukalipa.

"Si yuko na wewe?"

Ilikuwa yapata saa saba mchana, tukiwa tumebanana katikati ya kijia, ndipo mama mmoja mjamzito aliyekuwa mbele yetu alipoanza kulegea. Tulimdaka kabla hajafika chini. Mimba yake ilionekana kuwa ya miezi minane. Watu wakafanya lile wanalofanya siku zote, wakamzunguka. Mmoja alimmwagia maji usoni, mwingine akataka kumnywesha soda hali hajafungua macho. Tuliwaomba wasogee, tukatandika kanga juu ya maboksi nyuma ya meza moja, tukamlaza ubavu wa kushoto.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu jambo hili linaweza kumkuta mama yeyote. Mtu akisimama muda mrefu kwenye joto, damu hukaa miguuni, ya kupanda kwenye ubongo huwa haba, naye huzimia. Dawa yake ya kwanza ni kulala chini na miguu kuinuliwa. Lakini mjamzito wa miezi ya mwisho asilazwe chali, kwa maana uzito wa tumbo huukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Alazwe ubavu, na wa kushoto ndio bora. Asipewe kinywaji chochote mpaka awe na fahamu kamili, asije akapaliwa. Na hata akizinduka mapema, inafaa apimwe kliniki siku hiyohiyo. Yule mama alifungua macho baada ya muda mfupi. Tulipomwuliza alikula nini, alisema hakula kitu tangu jana usiku, alitaka kuwahi kabla watu hawajawa wengi.

Tulikuwa tukimsubiri dada yake aje kumchukua, ndipo mmoja wetu akauliza, "Mtoto yuko wapi?"

Na kila mmoja akajibu, "Si yuko na wewe?"

Tulikuwa tumemshika kwa zamu tangu asubuhi. Wakati wa kumdaka yule mama, aliyekuwa amemshika aliuachia mkono wake kwa kuamini kwamba mwenzake anaudaka. Mwenzake alikuwa ameshika kichwa cha mgonjwa. Wa tatu alikuwa akitandika kanga. Hakuna aliyefanya jambo baya, na mtoto hakuwapo.

Wodini hatumwachi mtoto mchanga hata dakika moja bila utepe wenye jina la mama yake mkononi. Ni jambo tulilofundishwa chuoni na tunalolifanya kila zamu. Lakini mtoto huyu wa miaka minne tulikuwa tumemwingiza katika umati ule mkubwa bila hata kijikaratasi chenye namba ya simu mfukoni. Mawazo ya namna hii huja wakati ambapo hayasaidii.

Tuligawana. Mmoja alibaki palepale, maana mtoto akipotea huenda akarudi alipomwona mama mara ya mwisho. Mwingine alikwenda Kituo cha Polisi Msimbazi, kama tunavyoweza kusema amekwenda, kwa kuwa kila hatua ilikuwa ni kusukumana. Wa tatu alipita meza kwa meza akieleza: fulana ya njano, kaptula ya bluu, kandambili. Wapo waliotujibu kwa huruma na wapo waliosema, "Mama, watoto wanaachwa nyumbani." Tulimchukia aliyesema hivyo, na alikuwa amesema kweli. Dakika arobaini zilipita. Hatutazieleza zote. Aliyewahi kupotelewa na mtoto anazijua, na asiyewahi hatutaki azijue.

Halafu upande mmoja wa mtaa zile kelele za elfu tano, elfu tano zilinyamaza. Sauti ya kijana ikatoka kwenye spika: "Jamani kina mama, kuna mtoto hapa amevaa fulana ya njano, anasema mama yake anaitwa Mama. Mwenye mtoto aje kwenye meza ya mabegi."

Watu wakacheka. Sisi tulikimbia, kwa kadiri inavyowezekana kukimbia mahali pale.

Alikuwa ameketi juu ya rundo la mabegi ya shule kama chifu, anakula biskuti. Kijana yule alimwona akiburutwa na watu, akamnyanyua na kumweka juu ili aonekane. Tulitaka kumpa fedha akakataa. "Shangazi, na mimi nina mdogo wangu wa umri huu." Basi tukanunua begi la shule kwa bei aliyotaja, bila kuomba apunguze hata shilingi mia. Na yule mwenzetu aliyetaka spika zipigwe marufuku alikuwa akilia waziwazi.

Hatari tusiyoiona

Tulisema mtoto aliburutwa, na neno hilo ndilo lililotuondolea usingizi usiku ule. Kupotea ni jambo moja. Kubanwa ni jingine, nalo ni baya zaidi.

Watu hudhani kwamba katika msongamano mtu hufa kwa kuanguka na kukanyagwa tu. Wengi hufa wakiwa wamesimama. Ili tuvute pumzi, kifua lazima kitanuke. Watu wanapobanana hadi kufikia sita au zaidi katika eneo la mita moja ya mraba, mtu hana tena uwezo wa kuamua aende wapi. Anachukuliwa na umati kama jani linavyochukuliwa na maji. Msukumo ukizidi, kifua hakitanuki, hewa haiingii, naye hupoteza fahamu bila hata kupiga kelele. Mtoto ambaye kichwa chake kiko usawa wa viuno vya watu wazima hukosa hewa mapema zaidi, na aliye mgongoni hubanwa bila mama yake kumwona uso.

Si lazima watu wawe wakorofi. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walifariki katika mkutano wa ibada walipokimbilia mafuta ya upako. Walikuwa waumini, wengine kina mama kama sisi. Machi 2021 watu 45 walikufa katika msongamano wa kuaga mwili wa Rais John Magufuli kwenye Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam. Na Marekani, ambako Ijumaa inayofuata sikukuu yao ya Shukrani maduka hushusha bei sana, tarehe 28 Novemba 2008 watu wapatao 2,000 waliokuwa wakingoja nje ya duka moja katika kisiwa cha Long Island walivunja milango kabla ya jua kuchomoza na kumkanyaga mfanyakazi wa miaka 34 hadi akafa. Siku hiyo huitwa Ijumaa Nyeusi, jina lililoanza kutumiwa na polisi wa mji wa Philadelphia waliochoshwa na misongamano yake. Siku hizi matangazo ya Ijumaa hiyo tunayaona hata kwetu, madukani na kwenye simu. Tumepokea sikukuu ya kununua ya watu wengine, wakati ya kwetu wenyewe imetushinda.

Kwa hiyo mama akijikuta amebanwa, na aikunje mikono mbele ya kifua kama bondia, apate nafasi ndogo ya kupumua. Asishindane na msukumo, bali msukumo ukipoa kidogo asogee kwa mshazari kuelekea pembeni, penye kibaraza au uchochoro. Kitu kikianguka, hata pochi, asiiname kukiokota. Mtoto mdogo anyanyuliwe juu, na aliyebebwa mgongoni ahamishiwe mbele. Lakini kwa kweli wa umri huo hawana kazi Kariakoo wiki ya Krismasi, na bibi au jirani atakayebaki nao atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko sisi tuliokwenda.

Januari ikabisha hodi

Fedha zilizobaki hazikuwa nyingi. Mwezi Januari shule zikafunguliwa, na pamoja na kwamba shule za msingi za serikali hazitozi ada, sare haishonwi bure, na viatu vyeusi na madaftari havitoki mbinguni. Mmoja wetu ilimbidi amweleze mumewe kwa nini fedha za sare zilikuwa zimegeuka maua ya plastiki. Mazungumzo hayo hayakuwa mafupi. Tunashukuru kwamba yalikwisha kwa kicheko, baada ya siku tatu.

Na vile viatu? Asubuhi ya Krismasi kisigino kilikataa kuingia. Tulijaribu kijiko, tukajaribu bila soksi, mtoto akalia. Akaenda ibadani na kandambili zake na shati jipya, akaimba kwa sauti kuliko wote, wala hakuna mtu aliyemtazama miguu isipokuwa sisi. Tulipokwenda kuvibadilisha baada ya sikukuu, meza ile haikuwapo tena.

Mwaka 2024 tulifanya tofauti. Tangu mwezi wa tatu tulikuwa tukichanga shilingi 5,000 kila wiki baada ya mazoezi ya kwaya, kina mama kumi. Mwezi Oktoba tulimsimamisha kila mtoto juu ya gazeti, tukachora unyayo wake kwa kalamu, tukaongeza upana wa kidole gumba mbele, tukakata na kuandika jina. Kwa nguo tulipima kwa uzi, bega hadi goti, kama mama zetu walivyokuwa wakitupima. Kisha watatu wetu tukaenda Jumanne asubuhi na mkoba uliojaa miguu ya magazeti. Muuzaji alipoiona alicheka mpaka akamwita mwenzake, lakini alituletea kiti na maji, akaingiza karatasi moja moja ndani ya viatu bila haraka. Kwa kuwa tulinunua vya watoto wengi pamoja, alituuzia kwa bei ya jumla na kutupa risiti. Magauni tulichukua dazeni moja, yakagawanywa. Ni kweli kwamba watoto sita walionekana kanisani wamevaa gauni la namna moja, na mabinti wakubwa walinuna. Bado hatujalipatia hilo ufumbuzi.

Saa tano kasoro robo tulikuwa tumekwisha kuketi kwenye basi pale Gerezani, kila mmoja kwenye kiti chake.

Mtoto wetu alibaki nyumbani na bibi yake. Sasa anajua mama yake anaitwa nani, majina yote mawili, na namba ya simu ameikariri kama wimbo. Hata kondakta wa daladala akimwinamia tu kumsaidia kupanda, humtajia namba yote kabla hajaulizwa.